Shukrani ninaimaliza lini?

Swali la msomaji, Tabora mjini:

Shikamoo mzee wetu. Mimi ni mama wa watoto watatu, ni fundi cherehani hapa Tabora. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972, mimi nikazaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu. Mama alifariki na tulimzika hukohuko. Uraia tulipata, cheti ninacho kabatini. Mwezi uliopita kwenye kikoba chetu niliuliza habari ya hela za faini ambazo hazionekani kwenye daftari. Mimi ni mmoja wa wale watatu tunaoshika funguo za sanduku, nikaona ni wajibu wangu kuuliza. Mwenzangu mmoja, rika langu kabisa, akanijibu mbele ya watu: "Wewe nchi imekupokea, ungeshukuru tu ukanyamaza." Nikanyamaza kweli. Kinachoniuma ni kwamba nchi hii naipenda. Wimbo wa taifa ukipigwa redioni nasimama hata nikiwa peke yangu nyumbani. Mchango wowote wa mtaa au wa shule natoa wa kwanza. Lakini baba, ambaye sasa ana miaka 78, akisema "kwetu" anamaanisha Bururi kule Burundi, na mimi nikimsikia nachungulia dirishani kuona kama kuna jirani anayesikia. Wateja wengi nimewaambia mimi ni Mha wa Kasulu. Juzi binti yangu wa miaka tisa kaniuliza, "Mama, sisi ni watu gani?" Nikamtuma akaoshe vyombo. Mzee, hivi shukrani ninaimaliza lini?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimecheka palepale kwenye vyombo. Sikucheki wewe. Nawacheka wazazi wote, nikiwemo mimi, maana vyombo vya nchi hii vingelala vichafu kama watoto wasingekuwa wanauliza maswali magumu.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka thelathini na ushee, mingi kati ya hiyo Kasulu, Kibondo na huko kwenu Ulyankulu. Swali lako nimelisikia kwa sura nyingi. Wanaume hulileta kama hasira: wananidharau. Wanawake hulileta kama ugonjwa: mzee, silali. Lakini hakuna aliyewahi kuliuliza kwa maneno uliyotumia wewe. Ninaimaliza lini. Hebu lisikilize hilo neno. Mtu anamaliza nini? Anamaliza marejesho. Wewe ni mtu wa kikoba, unajua: unakopa, unarejesha wiki kwa wiki, siku moja mweka hazina anapiga mstari kwenye jina lako na unapumua. Umeuliza swali la mkopo ukaliita swali la shukrani, na nadhani kidonda chenyewe kiko hapo.

Deni lina mwenye kudai, lina kiasi na lina tarehe. Ukimwona mwenye nalo kwa mbali unakata kona. Mtu mwenye shukrani hakati kona. Akimwona aliyemtendea wema anavuka barabara kumfuata, anamwita kwa jina, anamuuliza hali ya mguu. Sasa wewe nikikusoma ukichungulia dirishani, ukitoa mchango kabla hujaombwa, ukisimama peke yako sebuleni, simwoni mtu anayeshukuru. Namwona mtu anayerejesha huku akiogopa kufilisiwa. (Kusimama kwa wimbo wa taifa ni jambo jema, usije ukaniandikia barua ya pili. Nauliza tu: unasimama kwa sababu moyo umejaa, au kwa sababu kuna mtu asiyeonekana anakuhesabia?)

Basi tumtafute huyo mdai. Mwenzako wa rika lako mwaka 1972 alikuwa hajazaliwa, kama wewe. Hakumpokea mtu. Hakutoa shamba wala mbegu ya muhogo. Uraia wake kaurithi kama mtu anavyorithi pua ya baba yake, bila jasho, na hilo si kosa lake. Ila kukudai shukrani kwa wema uliotendwa na bibi yake ni sawa na kwenda kudai marejesho ya kikoba cha mtaa mwingine. Na tazama kakudai wakati gani. Hakukudai uliposhona sare za watoto wa watu kwa bei ya kutupa. Hakukudai ulipokuwa wa kwanza kwenye mchango. Kakudai siku ulipouliza daftari. Mtu anayekukumbusha kushukuru pale tu unapoulizia hesabu, shida yake iko kwenye hesabu.

Wema wenyewe ulikuwepo, na nisingependa uuchukie kwa ajili ya mdomo wa mtu mmoja. Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, na mauaji ya Wahutu yaliyofuata yaliwamaliza watu kwa makumi ya maelfu. Waliopona walivuka kwa mitumbwi na kwa miguu wakaingia Kigoma. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikuwafungia mlango. Baadhi walibaki kwenye vijiji vya Kigoma kando ya ziwa, wengi wakapelekwa kwenye makazi matatu: Ulyankulu hapa Tabora, Katumba na Mishamo kule upande wa Mpanda. Mwaka 1983 Mwalimu alitunukiwa Nishani ya Nansen, ambayo hutolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi kwa wanaowasaidia wakimbizi. Alistahili. Nchi yetu yenyewe wakati huo ilikuwa inahesabu vijiko vya sukari.

Ila wanaosimulia habari hii hupenda kuishia mlangoni: mkimbizi kafika, kapokelewa, kalia, kashukuru, mwisho. Hawaingii ndani kuona nini kilifuata. Ulyankulu ya mwanzo ilikuwa pori la miombo, na kwenye miombo ya huku ndorobo, yaani mbung'o, si hadithi. Watu walipimiwa viwanja na mashamba kwa barabara zenye namba, wakapewa jembe na panga, wakaambiwa hapa ndipo. Wakang'oa visiki. Baada ya miaka michache chakula cha msaada hakikuhitajika tena. Mahindi, muhogo na maharage yalikuwa yanatoka kwenye makazi kwenda kuuzwa, na tumbaku yao ilikuwa inaingia kwenye maghala sawa na tumbaku ya Urambo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo ilivyokuwa. Hata masikio ya nchi walilisha: Watanzania wengi waliijua Ulyankulu kwa kwaya ya Barabara ya 13 kabla hawajajua iko wapi kwenye ramani. Na hiyo kumi na tatu si fumbo la Biblia, ni namba ya barabara ya mashambani.

Watu huipenda methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na huitumia kama njia ya heshima ya kumwambia mtu kachosha. Mimi naisoma kivingine. Mgeni hukaa kwenye mkeka, huletewa maji ya kunawa, huulizwa kama kashiba. Mwenye jembe yuko shambani na wenzake, na akikosea mstari anafokewa kama wao. Siku ya jembe ndiyo siku ugeni unapokwisha. Kwa baba yako siku hiyo ilikuwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita.

Nakumbuka mzee mmoja wa hukohuko makazini, nilimtembelea kwa kesi ya mjukuu wake. Juu ya kitanda, mahali ambapo wengine hutundika kalenda, yeye alikuwa katundika jembe lake la kwanza. Lilikuwa limeliwa na udongo mpaka limebaki kama kijiko kikubwa, upande mmoja mwembamba kuliko mwingine kwa sababu alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Mpini ulikuwa wa karibuni. Alioutumia miaka ile mchwa waliula. Nikamuuliza kwa nini halitupi. Akasema, "Hiki ndicho cheti changu." Ilikuwa miaka ile ya kusubiri, cha karatasi kilikuwa hakijafika.

Hiyo miaka ya kusubiri lazima niitaje, maana sehemu ya hofu yako imetoka humo. Kuanzia mwaka 2007 watu wa makazi yale matatu walipewa nafasi ya kuchagua: kurudi Burundi, au kuomba uraia wa tajnisi, yaani ule anaopewa mtu ambaye hakuzaliwa raia. Takriban wanne kati ya kila watano walichagua kubaki. Kufikia 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 yalikuwa yamekubaliwa, kundi kubwa ambalo nchi chache duniani zimewahi kulipatia uraia kwa mkupuo mmoja. Vyeti vyenyewe vilianza kugawiwa Oktoba 2014. Hapo katikati kulikuwa na mpango wa kuwatawanya kwanza watu mikoa mingine, na ndani ya hiyo miaka minne niliona mambo ambayo hayaandikwi kwenye ripoti. Nyumba ziliachwa bila paa. Nani apande mwembe wakati mzigo uko mlangoni? Mabinti walioposwa waliambiwa wasubiri kwanza ijulikane wanahamia wapi. Burundi walikuwa wameikataa, Tanzania imekubali ila haijawakabidhi. Wewe ulikuwa mtu mzima wakati huo. Mtu aliyekaa miaka minne akiwa ameshika mfuko hujikuta miaka kumi baadaye bado vidole vimekunja. Na kabla ya hapo mlikuwa mkitaka kibali ili mtoke makazini kwenda hata sokoni mjini. Kwa hiyo usijione una roho nyepesi. Mazoea ya kuomba ruhusa yalifundishwa kwenu, tena kwa muhuri.

Sasa sheria, nipite haraka kwa sababu sehemu hii ni nyepesi kuliko unavyodhani. Uraia wa tajnisi ni uraia kamili. Katiba yetu, ibara ya 13, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na inapoeleza maana ya ubaguzi inataja hata mahali mtu alikotokea. Tofauti zipo: huwezi kugombea urais, maana ibara ya 39 inataka raia wa kuzaliwa, na waziri mwenye dhamana anaweza kumvua mtu uraia wa tajnisi kwa sababu zilizotajwa na sheria, kama vile kuupata kwa udanganyifu au kukosa utii kwa Jamhuri. Kuulizia hela za faini kwenye kikoba hakumo. Binti yako, kwa kuwa ana miaka tisa na kazaliwa Tanzania na mama ambaye tayari ni raia, ni raia wa kuzaliwa. Urais anaruhusiwa kuutaka akifika miaka arobaini. Mhakikishie tu cheti chake cha kuzaliwa, na hicho chako cha uraia usikiache kabatini peke yake: toa nakala, ipeleke kwa wakili aithibitishe, iweke nyumba nyingine. Mchwa hawajui tofauti ya tajnisi na kuzaliwa.

Karatasi ikishatulia, kifua bado kina kesi yake. Mwanasaikolojia wa Kanada aitwaye John Berry, ambaye alitumia maisha yake kuwachunguza watu waliohamia nchi za wengine, alizigawa njia zao mara nne. Kuna anayeshika ya kwao na kuingia ya wenyeji. Kuna anayetupa ya kwao ili apokelewe. Kuna anayejifungia na ya kwao. Na kuna anayekosa yote mawili. Kwa jumla wanaoshika yote mawili ndio wanaolala usingizi mzuri zaidi, na waliokosa yote ndio wanaoumia zaidi. Wewe unajaribu njia ya pili, ya kutupa, kwa kudhani ndiyo inayoonyesha uaminifu. Lakini mtu anayetupa vitu usiku usiku ili majirani wasione hatulii. Kila asubuhi anaangalia kama kuna kilichobaki uani.

Kilichobaki uani kwako ni baba.

Baba yako aliondoka Bururi akiwa kijana wa miaka ishirini na mitano hivi. Kuna aina ya msiba usio na kaburi, na waliokimbia ndio huubeba: nyumba haijabomoka, mto bado unapita, ila wewe haumo. Hakuna siku arobaini ya msiba wa namna hiyo. Mtu huuomboleza kwa neno moja tu, kwetu, analisema akiwa anamenya muhogo, kisha anaendelea kumenya. Ukimwona baba anafanya hivyo usichungulie dirishani. Kaa naye. Muulize mlima ulioonekana mlangoni kwao unaitwaje.

Na hilo neno lenyewe mbona Watanzania ndio mabingwa wake? Mchaga aliyezaliwa Temeke, akakulia Temeke, akajenga Temeke, ikifika Desemba anapanda basi anaenda "kwetu" Moshi, na hakuna anayesema anaisaliti Dar es Salaam. Mnyamwezi aliyehamia Morogoro miaka arobaini akifa anarudishwa Sikonge kwa lori. Kwa sisi wote "kwetu" ni mahali kitovu kilipozikwa na mahali wazee walipolala, na panaweza kuwa pawili, patatu. Kitovu cha baba kiko Bururi. Chako kiko Ulyankulu, na kaburi la mama yako liko hukohuko. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima awe na pasipoti mbili. Kumbukumbu mbili haijazigusa.

Naomba pia usimhesabie baba kwamba kusema "kwetu" ni kutaka kurudi. Aliulizwa rasmi, kwa fomu, akachagua. Waliorudi nao walikuwa na sababu zao. Baadhi walikuta mashamba yao yanalimwa na watu wengine kwa miongo mitatu, na wajukuu waliokulia Kiswahili wakakaa darasani wakiwa bubu. Baba alijua hayo yanawezekana. Mtu anaweza kuchagua mahali pa kuishi bila kuacha kupakumbuka mahali alipotoka, kama mke anavyopenda kwake bila kumsahau mama yake.

Nije kwa Mha wa Kasulu. Hapa nitakuwa mkali kidogo, univumilie.

Naelewa kwa nini ulisema hivyo. Kiha na Kirundi vinasikilizana, sura ni zilezile, na Kasulu ni mbali vya kutosha na cherehani yako. Wengi wamejificha humo kabla yako. Lakini fikiria umewafanya nini Waha. Wao wenyewe, waliozaliwa Kigoma na babu zao wakazaliwa Kigoma, wamelalamika miaka mingi kwamba wakienda kuomba kitambulisho huambiwa walete ushahidi kwamba si Warundi. Ukijificha mgongoni kwa mtu ambaye naye anatafuta mahali pa kujificha, mnaonekana wote wawili. Halafu uongo huo umekugharimu kuliko unavyofikiri. Kila mteja akikusifia anamsifia Mha wa Kasulu. Hakuna sifa hata moja inayokufikia wewe. Unasema hujisikii wa hapa. Utajisikiaje, wakati anayeishi hapa ni mtu mwingine uliyemtunga?

Mimi mwenyewe ni Mmanyema wa Ujiji. Babu wa babu yangu alivuka ziwa kutoka Kongo katika misafara ya karne ya kumi na tisa, wengine wanasema akiwa mpagazi, wengine wanasema akiwa bidhaa. Kwenye ukoo wetu swali hilo nalo hupelekwa kuosha vyombo. Hakuna aliyewahi kuniambia nishukuru. Nakula dagaa na migebuka, napaka mawese kwenye kila kitu, naonekana mwenyeji wa tangu gharika. Tofauti yangu na yako ni miaka mia moja tu, na kwamba wakati wa babu yangu hapakuwa na mtu wa kugonga muhuri. Wewe mbele ya Mungu huna ulichopungukiwa zaidi ya kuchelewa basi.

Na si huku tu watu walikokuja. Kutoka huku pia walienda. Msiri, aliyetawala Bunkeya kule Katanga mpaka akauawa mwaka 1891, alitoka upande huu wa Unyamwezi, na kizazi cha watu aliofuatana nao kiko Kongo hadi leo. Burundi na Tanganyika zilikuwa koloni moja la Wajerumani mpaka Vita Kuu ya Kwanza. Wabelgiji walipoingia Tabora Septemba 1916 wangeweza kuing'ang'ania, na leo tungekuwa tunaandikiana Kifaransa. Bahati ikawa vingine, wakabaki na Burundi na Rwanda. Mjukuu wa mtu yeyote wa ukanda huu akisema "sisi tulikuwepo," muulize kwa upole: tangu msafara gani?

Sitaki uondoke hapa ukidhani nimekwambia usishukuru. Nakwambia shukrani yako imepelekwa anwani isiyokuwepo. Umeishukuru "nchi", na nchi haina mkono wa kupokea, kwa hiyo kila anayepita anaunyoosha wake. Itafutie mtu.

Kasulu nilimjua bwana mmoja aliyeingia nchini akiwa kijana mwaka uleule wa wazazi wako. Usiku wa kwanza alilala kwenye jiko la bibi mmoja wa Kiha ambaye hata jina lake hakulijua. Asubuhi bibi akampa uji wa mtama kwenye kata, akamwonyesha njia. Alipopata maisha alirudi kumtafuta. Tangu hapo kila msimu wa mavuno alimpelekea debe la maharage, anakaa kwenye kigoda, wanateta habari za panya na mvua, anaondoka. Sikuwahi kumsikia akisema debe la ngapi. Bibi alipofariki alienda msibani kama wote, akakaa nyuma na wageni. Wajukuu wakaja kumwinua. Kaburi linachimbwa, mikono haitoshi, wewe umekaa huku unafanya nini? Wakamtupia sururu. Aliponisimulia hayo, mtu mzima yule, alisimama akaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Muulize baba yako: mtu wa kwanza aliyekupa maji upande huu ni nani? Atakuwa anakumbuka. Waliokimbia husahau tarehe, hawasahau maji. Kama yuko hai, au kama watoto wake wako hai, shona kitu. Gauni, suruali ya shule, chochote. Peleka mwenyewe, usitume bodaboda, na usitoe hotuba.

Kuhusu kikoba, nadhani jibu ulishaliandika mwenyewe bila kujua. Umesema unashika ufunguo mmoja kati ya mitatu. Sanduku la kikoba huwekewa kufuli tatu kwa makusudi, ili asiwepo mmoja wala wawili wa kulifungua peke yao. Wanachama walikaa wakatafuta watu watatu wa kuaminiwa na hela zao, wakakuchagua wewe. Waliokuchagua walikuwa wanajua unatoka wapi. Tabora hakuna siri ya namna hiyo, hata huyo Mha wako wa Kasulu nina wasiwasi anajulikana na mtaa mzima. Mgeni hapewi ufunguo wa sanduku. Kwa hiyo kikao kijacho, wakati wa kufungua, wewe toa ufunguo wako mfukoni, uweke mezani, na kabla hujauingiza uombe daftari la faini lisomwe kwa sauti, jina kwa jina. Usiseme lolote kuhusu Burundi. Usiseme lolote kuhusu uraia. Mwenzako akirudia maneno yake, mwache amalize, kisha mwambie mweka hazina, "Tuanzie mwezi wa kwanza." Mikono itatetemeka. Ya kila mtu hutetemeka mara ya kwanza anapouliza hesabu, hata ya Mnyamwezi wa kuzaliwa.

Wateja usiwaitie mkutano. Atakayeuliza tena, mwambie tu: mimi wa Ulyankulu, wazee wetu walitoka Burundi, hiyo pindo uliitaka sentimita ngapi? Atakayeondoka na kitambaa chake kwa sababu hiyo, huyo alikuwa ataondoka hata kwa sababu ya mia mbili.

Na binti. Watoto wa miaka tisa hawaulizi historia, wanauliza kama mama anaogopa kitu. Amekuona dirishani. Mpeleke kwa babu yake jioni, keti katikati yao, na umwambie kwa mpangilio huu: babu kazaliwa Bururi, mimi Ulyankulu, wewe Tabora, sisi ni Watanzania tuliotokea Burundi. Akiuliza kabila gani aandike, mwambie serikali yenyewe iliacha kuwauliza watu makabila kwenye sensa baada ya ile ya mwaka 1967, kwa hiyo asiwe na haraka. Kisha mwombe babu amfundishe kusema asante kwa Kirundi. Ni neno jepesi, urakoze. Mtoto atalikosea mara mbili tatu, mtacheka, na vyombo vya siku hiyo ukavioshe wewe.